Jina la Ubatizo la Nakijwa

Asnath, leo nimejiharibia.

Nilikwenda jumuiya kwa mama Eliufoo kufuata maandazi, unanijua. Nimeishia kuropoka habari za mdogo wangu Nakijwa. Mbele ya watu wote.

Mwinjilisti na mwalimu Linus walikuwa wanabishana. Mmoja anasema dini ndiyo iliyokomesha kuua vigego huku kwetu Vudee, wale watoto waliotangulia kuota meno ya juu. Mwingine anasema ni shule na zahanati. Linus akanigeukia: "Bibi, wewe ulikuwepo. Ni kipi?"

Nikawaambia baba yangu alikuwa navyo vyote viwili. Mzee wa kanisa, na balozi wa nyumba kumi aliyesoma shule. Mwaka ule wa Azimio alisimama mkutanoni akasema mila hiyo ni ya kishenzi. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga.

Wiki ileile Nakijwa akaota jino la juu. Baba akambeba kwenda jabalini, kule walikotupwa vigego. Akarudi na kanga tu.

Nimesema hivyohivyo, Asnath. Akarudi na kanga tu. Na mimi miaka yote nawaambia ilikuwa surua.

Maandazi yakabaki kwenye sahani, hata mimi sikugusa.

Mwinjilisti akatoa kalamu, ati tumwombee Jumapili. "Jina lake la ubatizo, bibi?"

Nikamwambia hana. Sisi wote, baba hakutupeleka kubatizwa mpaka aone kwanza meno yameanzia wapi.