Dira Uliyoisahau Juu ya Handeni

Mhina, mtani wangu,

Tangu tulipokuzika watu wanasema umerogwa. Na wanasema aliyekuroga ni Shangazi Mwanaidi.

Tulia nikueleze, maana hukuyasikia haya na mimi ndiye niliyeyasikia yote. Siku ile ulitoka Dar es Salaam peke yako na ndege, mawingu ya masika yametanda, unakwenda kutua kwenye kile kiwanja cha shamba la mkonge karibu na Mnyuzi kama ilivyokuwa desturi yako. Na kwa desturi yako nyingine, hukukubali kwenda Mnyuzi bila kupitia kwanza Handeni kuizunguka nyumba ya Shangazi, mama huyu aliyekulea. Nilikuuliza zamani kwa nini unapoteza mafuta. Ukaniambia, "Mshambaa, kwetu mtu hapiti mlangoni kwa mzazi bila hodi. Mwenye gari apige honi. Mimi nazunguka."

Basi ukazunguka. Wingu lilikuwa na tundu juu ya nyumba, ukashuka ndani yake, Shangazi akatoka na kanga yake akakupungia, majirani wakaona. Ukazunguka zaidi ya siku zote. Kisha ukapanda, ukaingia tena mawinguni. Baadaye watu wa Lutindi wakasikia mngurumo ndani ya ukungu, huko milimani, mahali ambapo hukuwa na sababu yoyote ya kuwapo. Halafu hawakusikia kitu.

Watu wakaunganisha. Aliyekuona mwisho ni Shangazi. Kanga ilikuwa nyekundu. "Mbona siku nyingine anazunguka mara moja anaondoka? Siku ile alifungwa pale juu." Na jingine, lililosemwa na dereva wako wa zamani wa lori la machungwa, mtu mwenye akili zake: "Kutoka Handeni kwenda Mnyuzi utafikaje Lutindi? Hata basi la dereva mlevi halipotei hivyo."

Mimi sikuamini uchawi, unajua. Lakini nami nilikuwa na mchawi wangu. Nilishachonga kalamu. Nilishaandika kichwani makala nzima dhidi ya wakubwa wa viwanja vya ndege, wa hali ya hewa, wa minara ya kuongozea ndege, na ilikuwa makala kali. Nilikosa tu ushahidi, nikaenda kuutafuta kwa mwalimu wako wa urubani. Nilimkuta amekonda. Akanieleza kwa subira, kama mtu anayefundisha darasa la kwanza.

"Mama, kwenye ndege ile kuna dira mbili. Ya sumaku ni ndogo, iko juu karibu na kioo, na ndege ikikata kona inachezacheza. Ya pili ni kubwa, iko mbele yako, imetulia, kila rubani anaipenda. Lakini yenyewe haijui kaskazini iko wapi. Wewe ndiye unayeiambia, kwa kuilinganisha na ile ndogo. Na kila baada ya muda unaiambia tena, maana inateleza. Ukizungukazunguka, inateleza zaidi."

Nikamuuliza, sasa?

"Sasa dira kubwa imekutwa imekwama, inasoma njia ya Mnyuzi. Na pua ya ndege ilikuwa imeelekea Lutindi."

Nilirudia kuuliza mara kadhaa, kwa ubishi tu, nikitumaini jibu litabadilika. Halikubadilika. Ulitoka kwenye mzunguko, ukaingia katika wingu ambamo huoni hata bawa lako, na ukaifuata ile dira bila kuilinganisha. Uliifuata vizuri, hukuyumba. Ukaanza kushuka taratibu ukijua chini yako ni mkonge na reli, kumbe chini yako ni mlima.

"Kuilinganisha ni kugeuza kitufe kimoja," mwalimu akasema. Akavua miwani. "Na mimi ndiye niliyemfundisha kukigeuza."

Mhina, nilikasirika njia nzima ya kurudi Korogwe. Nilikukasirikia wewe. Wewe uliyekuwa huondoshi lori bila kupiga teke tairi zote, uliyenisahihishia nukta katika makala zangu, uliyenicheka kwa kusahau funguo! Nilifika nyumbani nikaifuta ile makala kichwani. Sikuwa na wa kumshitaki. Mtu aliyezoea ugomvi akikosa adui hubaki amekaa kitandani na viatu vyake, na ndivyo nilivyobaki.

Ndipo ikaja arobaini, hapo kwa kaka yako Salehe.

Nilikaa na wanawake uani. Shangazi alikuwa anamimina chai. Alimimina kikombe baada ya kikombe, na kila mmoja alipokea kwa mikono miwili, akasema "Asante, bibi," akakiweka chini. Hakuna aliyekunywa. Chai ikapoa, ikaota utando, sisimizi wakaanza kupanda. Naye akaendelea kumimina, akisema "Karibuni, wanangu," kama haoni. Aliona. Nilinyanyua changu nikanywa, nikanyanyua cha jirani nikanywa, mpaka tumbo likaniuma. Kunywa kwangu hakukusaidia kitu, maana mimi ni mgeni, na Mshambaa, na mwendawazimu.

Kutoka barazani nilimsikia Salehe akiwaambia wazee kwamba ingefaa Shangazi ahame kabla ya msimu wa kupanda wa vuli. Hakutaja uchawi. Alisema ni "kwa usalama wake." Nimesoma maneno ya namna hiyo katika historia za nchi nyingi, na kila mahali husemwa na mtu mpole.

Unakumbuka tulivyofundishwa na babu zetu kwamba mtani hafukuzwi msibani? Siku ya mazishi yako nilivaa kofia yako, nikatembea mwendo wako ule wa bata aliyeshiba, watu wakacheka machozi yakiwatoka. Hiyo ndiyo kazi yetu. Ndugu wanalia, mtani anasema yale ambayo ndugu hawezi kuyasema. Basi dua ilipokwisha nilisimama pale kati, baina ya uani na baraza, na watu wakageuka tayari wamekenua meno.

"Huyu Mzigua wenu alikuwa hajui njia!" nikasema.

Wakacheka.

"Kapewa dira mbili, kaiamini ile nzuri ya sura!"

Wakacheka zaidi. Mzee mmoja akapiga paja, "Mwoneni huyo Mshambaa, hana haya!"

"Alikosea," nikasema. "Hakuna aliyemfunga. Alitoka kusalimia akasahau kugeuza kitufe, akaenda Lutindi akijua anakwenda Mnyuzi. Nimeambiwa na mwalimu wake. Alikosea yeye, kwa mkono wake."

Hapo hakucheka mtu.

Salehe akainuka. "Dada, utani una mpaka."

"Na kumfukuza mama mzee nako?"

"Unamvunjia marehemu heshima. Mdogo wangu hakuwa mjinga."

Nikamtazama, na kwa mara ya kwanza katika ugomvi wote huu nikamwelewa, nikatamani nisingemwelewa. Mtu aliyerogwa anabaki kuwa rubani hodari. Mtu aliyesahau kitufe anabaki kuwa mtu aliyesahau kitufe. Wanakupenda, Mhina, ndiyo maana wanahitaji mchawi. Heshima yako ilikuwa inasimama juu ya mgongo wa mwanamke mmoja, na mimi nilikuwa nimekuja kuiangusha mbele ya watoto wako.

Nikajibu tu kwamba mtu asiye mjinga naye husahau. Lilikuwa jibu dogo.

Ndipo Shangazi akaongea, birika bado liko mkononi, sauti ya kawaida kabisa.

"Mwanangu, umesema akizunguka, ile dira inateleza?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Basi nisingetoka nje kumpungia, angefika salama?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa masheikh na wazee na vijana wakorofi. Hilo sikujiandaa nalo. Ukweli niliouleta kumwokoa ulikuwa umemgeukia, na watu wote wakaningoja.

"Ungekaa ndani," nikasema, "angezunguka mpaka utoke. Hodi ilikuwa yake. Na kitufe kilikuwa chake."

Akaliweka birika chini.

"Hakuwahi kufunga zizi yule," akasema. "Tangu mdogo. Anatoa mbuzi, anakimbia, mlango wazi. Nimemchapa, nimechoka."

Mwanamke mmoja akacheka kwa kushtuka, akaziba mdomo kwa upande wa kanga, halafu ukawa si mcheko tena. Wengine wakamfuata. Nilikufahamu tangu darasa la tano, nikadhani nakujua, kumbe mkaguzi wa tairi alikuwa ni yule mtoto wa zizi aliyejitahidi maisha yake yote asijulikane.

Ningependa kukuandikia kwamba mambo yakaisha pale. Hayakuisha. Salehe haniitikii salamu. Mke wako ananiitikia kwa kichwa, na simlaumu. Mwalimu wako hunipigia simu akanyamaza tu. Kuna waliokuja kumwomba Shangazi radhi na kuna waliomrushia mawe juu ya bati, na nadhani wengine ni wale wale. Nilimchukua akae kwangu Korogwe. Tuliwaambia watu anapumzika. Anapalilia bustani yangu isiyo na magugu, ananifokea kwa kula nimesimama, na jioni anatazama upande wa Handeni bila kusema anatazama nini. Juzi ilipita ndege, mbali sana. Hakuingia ndani, wala hakuinua mkono. Alisimama na jembe lake mpaka sauti ikaisha, akaniuliza, "Huyo anakwenda anakokujua?" Nikamwambia sijui, Shangazi.

Kutetea mtu ni kazi ndefu kuliko nilivyokuwa nikiiandika. Makala unaimaliza, unaweka nukta, wengine wanatukana, unalala. Hii haina nukta.

Sitaacha kusema kwamba ulikosea. Nitalisema kila mahali wanapolitaja jina la Shangazi, na wewe utanisamehe au hutanisamehe. Nami nitasema pia ulikosea ukitoka kumsalimia aliyekulea, maana hilo nalo ni kweli, na sioni kwa nini kweli moja iifunike nyingine.

Kwaheri, Mzigua. Kabla ya mvua za vuli nitamrudisha nyumbani kwake, na nitahamia naye na karatasi zangu. Mbegu ataipanda kwenye shamba lake mwenyewe. Wakija kumtoa watanikuta barazani. Wamejiandaa kwa kelele zangu, nami sitawapa hata neno. Nitakaa tu. Nimechoka, Mhina, na mtu aliyechoka ni mgumu sana kumwondoa kwenye kiti.

Mtani wako,
Mshambaa