Mafiga Matatu ya Mama

Furaha mjukuu wangu,

Huku Uvira tuko wazima. Mdogo wako ameng'oka jino. Umeniuliza ukariri mianzo mingapi ya sataranji, zile hatua za kufungua mchezo.

Wakati wa uasi, kwenye kizuizi cha njia ya Makobola, kamanda wa waasi alisema atakayemshinda sataranji atapita. Mianzo yote, na majibu yake, alikuwa ameiandika daftarini. Mama yangu, niliyesafiri naye, aliyejifunza mchezo akiwapikia mapadri, alipanga pioni watatu, wale askari wadogo, kama mafiga, kama kila siku.

"Juu ya nini haujibu hatua zangu?" kamanda akauliza.

"Minye napanga mafiga kwanza. Weye leta chungu yoyote."

Kamanda alifunua kurasa za daftari mpaka akashindwa mchezo, akatufungulia njia mwenyewe. Nilisahau hata njaa. Mpaka leo nastaajabu: daftari lilijaa majibu, na mama hakumuuliza kitu.

Koko wako