Baba, Walinichagua Kisha Wakaniacha

Baba,

Nakuandikia kwa Kiswahili. Najua ungeshangaa, maana miaka yote uliniuliza kwa Kiswahili nami nikakujibu kwa Kiswidi. Ulikuwa ukisema, "Nijibu kwa lugha niliyokuuliza," nami nacheka naenda zangu. Mama amenisaidia baadhi ya maneno. Kuna sehemu nimemkatalia asisome, kwa sababu zinamhusu yeye.

Habari kubwa ni kwamba walinichagua. Mwezi wa nne, miezi sita tangu tukuzike, timu moja ya ligi ya wanawake ya Marekani ilitaja jina langu kwenye drafti. Unakumbuka nilipokutajia neno hilo mara ya kwanza, ukadhani nazungumzia drafti ya vizibo mliyokuwa mkicheza Tanga? Ikabidi nikueleze kwamba ni siku ambayo timu za mpira wa kikapu zinachagua wachezaji wapya, kwa zamu, raundi tatu. Mimi nilitajwa raundi ya tatu, karibu na mwisho kabisa. Niliamka asubuhi nikakuta simu imejaa ujumbe. Mama alikuwa anatoka kwenda kazini. Alipiga kigelegele pale pale mlangoni, koti limeingia mkono mmoja tu. Nilifurahi, Baba. Nilifurahi mpaka nikakaa sakafuni. Halafu nikaikumbuka ile Jumapili.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Wakala mmoja wa wachezaji alikuwa ameniona nikicheza, akaniambia ninaweza kufika Marekani. Nikaja mbio kukuambia. Hukupiga makofi. Ulifungua kompyuta, ukatafuta orodha ya waliochaguliwa raundi ya tatu miaka michache nyuma, ukaniambia tumtafute kila mmoja tujue yuko wapi sasa. Tulikaa jikoni mchana mzima. Mmoja alikuwa anacheza Uturuki. Mmoja mwalimu wa shule. Mmoja muuguzi. Wengine hatukuwapata kabisa. Aliyebaki kwenye ligi ile alikuwa mmoja tu, naye alishaachwa na timu mbili kabla ya hiyo aliyokuwa nayo. Nikakuambia, "Du tror inte på mig." Huniamini. Ukanijibu taratibu, "Nakuamini. Ndiyo maana nahesabu." Nikainuka nikaenda kubamiza mlango wa chumba changu.

Hatukulizungumza tena. Uliendelea kuja kwenye mechi zangu moja kwa moja kutoka ofisini Kista, kadi ya kazini bado iko shingoni, unakaa safu ya mwisho. Mimi nikaendelea kudhani umekuja kuhakiki hesabu zako. Kisha moyo wako ukasimama na mimi sijakuomba radhi.

Nakuomba sasa. Nimechelewa, najua. Nakuomba.

Jumamosi baada ya drafti, Mama Gloria, yule jirani yetu Mkongo wa ghorofa ya tatu, aliandaa sherehe kwenye ukumbi mdogo hapa Hallunda. Watu walikuja hata kutoka Hallonbergen, upande wa pili wa jiji. Pilau, sambusa, keki yenye umbo la mpira. Mama Gloria alinishika mashavu akaniambia, "Ma fille, binti yangu, sasa umefika." Kuna aliyeniuliza nitaishi jiji gani, kwenye nyumba au ghorofa. Kuna aliyewaambia ndugu zake wa Nairobi kwamba wataniona kwenye televisheni kila wiki. Kila neno lilikuwa la upendo, na kila neno lilinielemea, kwa sababu nilikuwa nimeshaifanya ile hesabu yetu ya jikoni, safari hii peke yangu. Timu ile ilikuwa na nafasi kumi na mbili. Kumi na moja zilikuwa na wenyewe, wana mikataba. Kwenye kambi ya majaribio tungekuwa kumi na wanane.

Nikasimama, nikawashukuru wote, kisha nikasema: "Naomba mjue ukweli. Nimechaguliwa, lakini sijapata timu. Tunakwenda watu saba kugombea nafasi moja. Huenda nikarudi kabla shule hazijafungwa."

Mtu mmoja alicheka akidhani ni unyenyekevu, halafu akaona hakuna mwingine anayecheka. Mama alikuwa anatazama sahani yake. Tulipokuwa kwenye lifti ndipo aliponiambia, "Ungeniacha nifurahi siku moja tu, Zuhura. Tangu Oktoba sijafurahi."

Usiku... hapana, sitaki kukuandikia nililiaje. Nataka kukuambia nilichokielewa pale kwenye lifti. Nilielewa jinsi ilivyokuwa kukaa upande wako wa meza, ukimwambia ukweli mtu unayempenda huku ukiuona uso wake unajifunga. Uliubeba uso wangu ule kwa miaka miwili na hukunilaumu hata siku moja. Lakini na hili nalo nakuambia, kwa heshima zote, maana nisipokuambia wewe nitamwambia nani: ungepiga makofi kwanza, Baba. Hesabu ingesubiri chai.

Kambini nilikwenda. Nilipangwa chumba kimoja na mchezaji wa miaka thelathini na mbili ambaye alishaachwa na timu nne. Siku ya kwanza alinikuta nimepanga nguo zangu zote kabatini. Akaniambia nizirudishe kwenye begi nusu, si kwa sababu mimi ni mbaya, ila kwa sababu hapa hata wazuri wanaondoka. Alikuwa akinisukuma mazoezini mpaka mbavu zinauma, na jioni ananionyesha kwenye simu yake nilipokosea. Na yeye alikuwa anaitaka nafasi ile ile niliyoitaka mimi.

Kuna siku nilicheza vizuri sana. Nilidaka mipira, nilifunga, nikamsikia kocha akitaja jina langu na kulitamka sawasawa. Nikaanza kujiuliza kama ulikosea. Siku ya kumi na tatu nikaitwa ofisini baada ya kifungua kinywa. Kocha alisema wananiacha. Alisema nimefanya yote waliyoniomba na nafasi haipo. Lakini nilikuwa nimejiandaa kukaa kwenye kiti kile, Baba, wewe ndiye uliyeniandaa, kwa hiyo sikulia na sikubishana. Nikamuuliza, "Ninakosa nini?" Akanitazama kama mtu ambaye haulizwi hivyo mara nyingi. Akaniambia: nachelewa kuachia mpira ninaporusha, naelemewa nikikaba kwa upande wa kushoto, na nahitaji misimu miwili kwenye ligi ngumu ya Ulaya. Nikaomba kalamu nikayaandika mbele yake.

Mama alikuja uwanja wa ndege wa Arlanda kunipokea. Alinivisha koti lake kama vile nina miaka sita, tukapanda treni, na tulipokaribia nyumbani akasema, "Nimewaambia watu ulicheza Marekani siku kumi na tatu. Ni kweli au si kweli?" Nikamwambia ni kweli. "Basi," akasema, akanipa sambusa.

Pale kwenye maduka ya mtaani kwetu, wiki nzima, watu walinishika mkono kwa huruma. Baba mmoja akanipa pole kwa sauti ya msibani. Nikamjibu kwa adabu kwamba mimi nilifiwa Oktoba, na hii nyingine ni kazi. Alicheka kidogo, akaniuliza kazi inaendeleaje. Nikamweleza, na safari hii akasikiliza.

Kazi inaendelea hivi. Nimesaini na klabu moja ya Poland kwa misimu miwili. Naondoka Alhamisi. Kila asubuhi narusha mipira mia tatu kwenye ukumbi wa shule niliyosoma, nikihesabu muda ambao mkono unachukua kuachia mpira. Upande wa kushoto bado unanitesa.

Juzi wasichana wa timu ya vijana waliniomba niwaeleze habari za drafti. Mmoja wao amepigiwa simu na wakala, kama mimi wakati ule. Nilimpigia makofi, nikawaambia wote wasimame wampigie, mpaka akaficha uso. Tulipokwisha kukaa nikafungua kompyuta nikawaambia tutafute majina. Tulipolipata langu, yule msichana akasoma kwa sauti, "Aliachwa kambini." Wakanitazama kuona nitafanya nini. Nikawaambia tuendelee na jina linalofuata.

Baba, sikuahidi kwamba nitabaki kwenye ligi ile. Hilo haliko mikononi mwangu. Nakuahidi misimu miwili ya kazi bila kujidanganya. Wakiniita tena nitakwenda, na begi langu nitalifungua lote safari hii, maana nikiachwa najua namna ya kulifunga. Wasiponiita nitacheza pale watakaponihitaji, mpaka magoti yakatae. Nami nitamlinda Mama, na siku zake za furaha sitazigusa tena.

Mungu akurehemu na akupanulie ulipo. Nakuaga hapa, kwa sababu ukumbi unafunguliwa saa mbili na nina mipira mia tatu ya kurusha.

Mwanao,
Zuhura