Hotuba ya Juani

Same, Jumanne

Na nilikuwa sahihi, hilo ndilo linaloniuma. Msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji huku tambarare, haufai kufanyika saa saba mchana. Nilimwambia mwenyekiti hivyo mbele ya kijiji kizima, nikaijibu kila hoja yake, na watu wakabaki wamesimama juani wakinisikiliza, majembe mabegani.

Nakunda, mke wa kaka yangu, alinivuta shati. "Shemeji, si umalizie kivulini?"

"Subiri kwanza!"

Akaanguka. Mwili ulikuwa wa moto, maneno hayaeleweki. Tulimmwagia maji, tukamkimbiza zahanati.

Jioni alifumbua macho. "Haya, ulimshinda mwenyekiti?"

Nikasema ndiyo, wamekubali tuanze alfajiri.

Akageukia ukutani.