Rangi Niliyopaka Plagi

Otonglo, Jumatano

Baba Winny,

Sisi huku tu wazima, mvua imeanza. Gari lilifika kilomita laki moja, nikalipeleka kwa Wechuli, fundi uliyesema ni rafiki yako. Aliitisha elfu arobaini na nane, pamoja na plagi mpya za injini. Mafundi wa Kombewa wanataka thelathini, lakini wewe ulisisitiza.

Nilikueleza kwa simu kwamba nimezipaka plagi za zamani rangi ya kucha, nyekundu, nijue kama kweli atazibadilisha. Leo amenikabidhi plagi nne chakavu, zote nyekundu.

Nimefungua boneti. Zangu bado zimo, na rangi niliyozipaka kweli ni damu ya mzee, si nyekundu. Nyekundu nilikutajia wewe tu, Baba Winny. Sikumwambia mtu mwingine.

Ni mimi,
Mama Winny