Viatu vya Gaju

Jumanne, 23 Desemba 2014

Dada yangu Rakeli amepiga simu kutoka Buffalo, analia na kucheka pamoja. Tarehe imetoka! Mama anafika huko kwake Alhamisi, tarehe nane Januari, ndege ya saa kumi jioni.

Miaka saba. Nilipomuaga Bujumbura nilimwambia: miezi sita tu, Mama, nitakuwa nimekuleta. Mimi na mdomo wangu.

Rakeli akaunganisha simu, Mama akaingia. Akauliza kama kweli nitakuwepo. Nikasema: Mama, mlango wa uwanja wa ndege ukifunguka uso wa kwanza ni wangu, na nje Gaju inakungojea! Akasema yeye hatatoka mle ndani mpaka auone huo uso, hata wamfagilie miguuni. Na anaweza. Namjua.

Gaju ni gari yangu. Mustang, V8, nyekundu ya kukaribia udongo, rangi ya ng'ombe tunayeita hivyo kwetu milimani. Janti za magurudumu yake, inchi kumi na tisa, ni kioo cha kunyolea ndevu. Nikiiwasha, Jeffersontown nzima, hapa Louisville, inajua Nyarugabo anaenda kazini. Mimi nimeendesha kamyo Uvira–Bukavu wakati wa mvua, nimeendesha teksi Bujumbura, nimelala Nairobi, Kigoma, wapi sijalala! Mtaroni tu ndiyo sijalala.

Mke wangu Dative anasema niende na basi. Basi! Mama aliyezaliwa katikati ya ng'ombe apokelewe na mwanaume ameshika tiketi!

Ijumaa, 26 Desemba

Nimepitia kwa Bisogo, kijana wetu wa Mulenge anayefunga mapine ya magurudumu kwenye karakana moja hapa. Nilitaka tu aangalie upepo. Akapiga magoti, akasoma maandishi ya kwenye pine kama mtu anasoma Zaburi, akainuka na uso wa msiba.

"Mukubwa, hizi ni za kiangazi. Baridi ikishuka zinakauka kama sabuni. Na hiyo gari inasukumwa na matako. Buffalo hautafika."

Nikamwonyesha pine nyingine pale ukutani, imeandikwa M+S. Nikamwambia: hii basi ndiyo yangu, nayo ni ya kwetu kabisa — Minembwe na Sange! Inapanda mlima, inashuka bondeni! Karakana yote ikacheka, hata Wazungu walioona wengine wanacheka. Bisogo hakucheka. Anasema kwa Kizungu M ni matope, S ni theluji, na hata hiyo haitoshi. Nitafute yenye picha ya mlima, na ndani ya mlima nyota ya theluji. Hiyo ndiyo imepimwa.

Nilikuwa karibu lakini! Minembwe ni nini kama siyo matope?

Kisha akaniharibia siku. Anasema nitoe janti zangu, nifunge za chuma nyeusi, ndogo, pine nyembamba. Eti pana inaelea juu ya theluji, nyembamba inakata mpaka chini ikashika barabara. Miguu ya mbuzi chini ya fahali! Nikamwambia nitafikiri.

Sikufikiri. Nilikasirika mpaka nyumbani.

Jumatatu, 29 Desemba

Bon, nimefikiri. Gari inasukumwa na miguu ya nyuma. Donc miguu ya nyuma ndiyo inahitaji viatu. Mbili! Zenye mlima na nyota, pana zile zile, juu ya janti zangu zile zile. Mbele inabaki ilivyo, kazi yake ni kufuata kichwa tu. Hata ng'ombe akipanda mlima, nani anasukuma? Paja la nyuma. Hii ni akili ambayo shule haifundishi, ndiyo maana shule tuliachana mapema.

Bisogo amekataa. Eti pale kwao ni nne au hakuna. "Kwenda utaenda vizuri, mukubwa. Kugeuka ndiyo hautageuka." Nikaenda kwa jamaa mwingine anayefungia nyuma ya nyumba yake. Huyo hakuuliza swali. Saa moja, tayari.

Binti yangu Umurerwa, miaka kumi na miwili, amezunguka gari mara moja. Akaniambia kwa Kizungu chake kwamba mbele na nyuma havifanani. Nikamwambia hata mamako na mimi hatufanani na tunaenda.

Jumapili, 4 Januari 2015

Kanisani. Pasta akauliza nani ana habari njema. Nani mwingine! Nikasimama, nikasema Mama Nyarugabo anafika Alhamisi, na mimi mwenyewe nitamtoa mlangoni kwa gari ya farasi mia nne. Makofi, vigelegele. Wamama wakaja kunishika mikono. Mzee Rutebuka, aliyechunga na baba yangu, akaniambia polepole: safari hii fika. Maneno matatu tu. Niliketi, sikusikia mahubiri.

Kumzika baba pia niliahidi nitafika.

Jioni Dative ameweka maziwa yagande. Cyansi ya marehemu nyanya yangu, ile ya mti ya kuwekea maziwa, ndiyo itayabeba. Mtu wetu akitoka safari ndefu hapewi maua ya plastiki, anapewa maziwa. Na mimi nimenunua viatu vya kumpokelea. Vyenye ncha, ngozi ya kung'aa kama mamba ametoka kuoga. Umurerwa amelala chini kwa kucheka. Dative ametupa mabuti yangu ya kazini ndani ya gari. Sijabisha, amani ni kitu kizuri.

Jumanne, 6 Januari — Reynoldsburg, kwa Kataliko

Niandike kabla sijalala.

Louisville mpaka Cincinnati sawa. Baada ya pale theluji. Gaju inaenda! Paja la nyuma linasukuma, napita kamyo, naimba. Nikasema leo Bisogo atajua hajui.

Njia ya kutokea Reynoldsburg, nilikopanga kulala, inapinda kulia. Nikageuza usukani kulia. Gari haikusikia. Nikageuza zaidi. Mikono yangu kulia, magurudumu kulia, na sisi tunaenda mbele, mbele tu, nyuma ikisukuma vizuri kabisa! Kando yangu kamyo ndefu inapiga honi. Nikaona pine yake, kubwa kuliko dirisha. Nikasema jina la Yesu — siyo kwa sauti ya kanisani.

Theluji ya pembeni ikatupokea. Kamyo ikapita. Cyansi imekaa kitini na mkanda wake, haijamwaga tone. Mimi ndiye niliyemwagika.

Nimevaa mabuti, nimesukuma, wapi. Nikampigia Kataliko. Huyu ni mtu wa Bukavu, tulikuwa jirani katika kambi ya wakimbizi, anafanya kazi ya kutunza wazee hapa Columbus. Akaja na gari yake ya familia, ile sanduku ambayo nimeicheka miaka mitano. Akatembea mbele ya Gaju, akatembea nyuma, akarudi mbele.

"Nyarugabo. Nyuma umeivalisha, mbele iko peku?"

"Nyamaza uvute kamba."

"Nauliza tu, muzee. Huko kwenu mnavaa suruali mguu mmoja?"

Amevuta. Gari nzima, mimi mzima. Mabuti yameloa, mke wake ameyaweka karibu na joto. Nimekula fufu, nikasifia, sikusikia utamu. Kama ingekuwa na Mama ndani? Hicho tu ndicho kinazunguka kichwani.

Jumatano, 7 Januari

Siku nzima kutafuta. Pine mbili za mbele za saizi yangu, Columbus hakuna. Duka la kwanza: zitafika Jumatatu. La pili: Jumatatu. La tatu mzee akacheka kabisa.

Kataliko akasema nichukue gari yake. Funguo mezani, hakusema mara mbili. Ila sanduku lile linabeba wamama wanne kwenye kazi ya wazee kila asubuhi, wawili kati yao ni wajane. Niwaache kituoni kwenye baridi hii ili mimi nikampokee mama yangu? Nimerudisha funguo.

Tukaenda kwenye uwanja wa magari mabovu. Janti nne za chuma na pine za mlima na nyota! Nikahesabu matundu: matano. Yangu: matano. Nikapiga kelele za furaha. Tukainua gari, tukaweka — bulonzi za kufungia, mbili zinaingia, tatu zinaangalia pembeni. Kumbe matano na matano siyo matano. Kuna duara la matano, kila kabila la gari na lake! Na hata zingeingia, breki za Gaju ni kubwa, zinataka inchi kumi na nane, siyo kumi na saba kama hizo. Bisogo aliniambia hayo yote? Labda. Nilikuwa nimekasirika.

Saa tisa, Kataliko akapata kwenye simu yake Mzungu mmoja wa Reynoldsburg hapa hapa, amewahi kuwa na Mustang kama yangu. Anazo nne: kumi na nane, chuma, nyeusi, nyembamba. Mlima upo. Nyota ipo. Nikauliza anataka nini. Akainama, akashika janti yangu ya mbele kama mtu anashika shavu la mtoto. Akasema: hizi.

Nilitoka nje kidogo.

Hizo janti nilizisafisha kwa mswaki kila Jumamosi. Kataliko hakunitania. Hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Nikarudi, nikasema: toa.

Tumefunga wenyewe, vidole vimekufa. Nikasimama mbali kuangalia. Gaju, mrembo wangu, amevaa mabuti ya shamba. Nikajaribu kwenye uwanja wa kanisa uliojaa theluji: breki — inasimama. Kulia — kulia! Kushoto — kushoto! Mbuzi, kumbe mbuzi ndiye mpanda milima. Hata kwetu ng'ombe huanguka, nani amewahi kuona mbuzi ameanguka?

Kesho saa kumi na moja asubuhi.

Alhamisi, 8 Januari — Erie, kituo cha mafuta, saa nne asubuhi

Inashika! Nimeona magari saba mtaroni kutoka Cleveland, mawili makubwa ya kifalme yenye pine pana. Nimeyahesabu kwa huruma, tuseme huruma. Nimepiga honi kwa Bisogo, hata kama hasikii.

Nimevaa suti tayari. Na viatu vya mamba, niwe tayari mlangoni. Nimebakiza saa mbili za njia, nina saa sita. Rakeli amepiga: Mama ameshatua New York, anangoja ndege ndogo. Safari hii, Mzee Rutebuka. Safari hii.

Saa nane

Tumesimama. Kamyo tatu zimelala kifudifudi mbele huko, wanasema. Upepo unatoka ziwani na ukuta mweupe. Buffalo ni kama maili ishirini na tano. Gaju ina miguu minne mizuri, na barabara ndiyo haipo.

Saa tisa na nusu

Bado. Naiwasha dakika kumi, nazima ishirini. Mafuta robo. Nimetoka kufuta theluji kwenye bomba la moshi nikaanguka mara mbili, umbali wa gari yenyewe. Ndipo nikakumbuka mabuti. Yako Reynoldsburg, karibu na joto, makavu, yamestarehe.

Polisi amepita akigonga vioo. Barabara imefungwa, haifunguki leo, labda hata kesho. Kuna basi upande wa pili wa kamyo, inarudi mjini Buffalo, inangoja mpaka saa kumi na nusu. Anayetaka atembee, nusu maili, ashike uzio. Anayebaki abaki na gari yake. Akaangalia viatu vyangu. Akaenda kioo kingine. Polisi wa Amerika wana adabu wakitaka.

Niiache Gaju hapa? Kwenye theluji, peke yake, na yale mabuti ya shamba niliyoinunulia kwa fahari yangu mwenyewe?

Saa kumi na dakika kumi

Ametua! Rakeli ameniwekea Mama kwenye simu. Sauti ile ile.

"Uko wapi, mwanangu?"

Nikafungua mdomo. Ahadi ya uongo ilikuwa tayari pale, naijua ladha yake: niko mlangoni Mama, nageuka tu. Nikaimeza.

"Nimekwama, Mama. Barabara imefungwa. Kuna basi, ila lazima nitembee."

Nyuma yake Rakeli anasikika akimwambia waende nyumbani, watu wa ofisi ya wakimbizi wanangoja na gari. Mama akamwambia yeye aende, ana miguu. Kisha kwangu:

"Miguuni umevaa nini?"

Katika maswali yote ya miaka saba!

"Viatu vya kukupokea. Vinateleza."

Akacheka. Mama yangu amecheka. Akasema hata yeye Nairobi wamempa mabuti, makubwa, ya mwanaume, anaogelea ndani yake toka jana. "Yatakuwa namba yako. Njoo uyachukue. Mimi nimeketi karibu na mlango."

Bon. Nimevaa soksi juu ya viatu, Kataliko alinifundisha hiyo kwa kunitania, sasa siyo utani. Nne au hakuna, alisema Bisogo. Miguu yangu ni miwili, yote imevaa. Cyansi ndani ya koti, baridi kama jiwe. Nimeweka mkono kwenye usukani wa Gaju, nimeiambia itulie.

Polisi anagonga tena. Mlango wa Gaju umeganda, nasukuma kwa bega —