Nyati wa Mama Mkwe

Ijumaa, 1 Agosti 2025

Tumetoka Scarborough alfajiri. Wiki nzima ya likizo, nyumba sijaifagia, na mimi naenda kutazama ng'ombe! Nyati, Leonce ananisahihisha. Nyati wa porini wenye manyoya. Wenyewe huku wanawaita baisani. Mama yake kule Bukoba haamini kama wapo. Kila Jumapili kwenye simu anamtania: miaka yote hiyo uko Kanada, hata mnyama mmoja hujanionyesha! Sasa mume wangu ameapa kumwonyesha laivu, kwa video ya simu. Ndiyo safari yenyewe.

Msitu, ziwa, msitu tena. Leonce anaimba. Mimi kichwa kinagonga.

Jumamosi, 2 Agosti

Mama mkwe amefariki.

Japhet, mdogo wake Leonce, ameniandikia mimi. Leonce alikuwa anajaza mafuta. Nikakimbilia chooni pale kituoni, nikampigia. Presha — alianguka jikoni, basi. Japhet akanisihi: shemeji, usimwambie. Msafiri hapewi msiba njiani, tena mwenye usukani! Arudi kwanza, aoge, ale, ndipo wazee wa jumuiya waje nyumbani wamwambie wakiwa wamemzunguka. Maziko Jumatatu jioni. Hata akipanda ndege leo hawahi, Japhet anasema.

Hawahi kweli? Mimi sijui. Labda angewahi.

Nikanawa uso. Leonce akauliza mbona macho mekundu. Vumbi, nikasema. Simu yake nimeizima, nimeitia mkobani. Nimemwambia imeisha chaji, na waya tumeusahau nyumbani. Huo waya nimeukalia. Akasema afadhali, kazini hawatamsumbua.

Jumapili, 3 Agosti

Nyika. Manitoba nyika, Saskatchewan nyika. Hata mti mmoja hakuna wa kujificha mtu akalia! Misa hatukwenda. Nimesali moyoni, tena kwa kuibia.

Leonce amenunua kofia pana ya wachunga ng'ombe. Haivui hata mezani. Mchana akataka simu yangu — Jumapili bila kumsalimia mama? Nikamwambia subiri kesho, utampigia ukiwa mbele ya nyati wako. Mdomo wangu huu! Akanishika mkono, eti nimewaza jambo zuri. Tangu hapo anapanga atakavyomwambia. Mama, tazama pembe. Mama, tazama nundu. Mimi naitikia tu, naitikia.

Baba yangu alipokufa nilifichwa hivihivi. Nilikuwa safarini kwenda kwa dada yangu. Walinilisha wali na kuku ndipo wakaniambia. Sijawasamehe mpaka leo. Na mimi nafanya yaleyale! Mila ni yetu sote, lakini mzigo nimetwishwa peke yangu. Natamani Leonce anikasirikie kwa lolote, nipate sababu ya kulia.

Jumatatu, 4 Agosti

Wapo! Naandika nikiwa garini. Kundi zima, mbali kidogo na barabara. Kimya. Mmoja anajigaragaza vumbini, manyoya yanamtoka mafungumafungu. Leonce alishuka akasimama, machozi yakamtoka, huku anacheka.

Hapa asubuhi. Bukoba saa kumi jioni. Wanamshusha sasa hivi. Na udongo wa kwanza, wa mtoto mkubwa, nani anautupa? Japhet, bila shaka.

Nimeshindwa kuvumilia. Nikamwita Leonce, "Baba Koku..."

"Ngoja kwanza, Mama Koku! Lete simu yako. Saa hizi mama ameshatoka shambani."

Nikasema mtandao hakuna. Akainyakua mapajani mwangu — huyoo, kapanda kile kimwinuko kuutafuta. Hata hakusikia nilivyomwita tena.

Ujumbe wa Japhet uko juu kabisa. Sikuufuta. Siku mbili nzima nimekaa nao na sikuufuta! Nilisahau? Au nilitaka? Mungu anisamehe, sijui.

Namwona mgongo tu. Ameinua simu hewani. Anageuka huku, anageuka kule. Sasa ameishusha. Ameisogeza karibu na uso.

Hapigi. Mbona hapigi?

Nyati wanakula majani yao. Leonce hawatazami tena.

Amevua kofia.